Vipande kumi vya jani chini ya taa tatu

Jaribio langu la kwanza lilionyesha kwamba jani hufanya usanisinuru (kujitengenezea chakula kwa mwanga na kutoa oksijeni) vizuri zaidi kwenye mwanga wa kijani kuliko wa buluu. Nikajua nimeboronga mahali. Mwaka 1882 mwanasayansi Mjerumani Theodor Engelmann alimulika mwani kwa mwanga uliotawanywa na prizimu, na bakteria wanaofuata oksijeni wakajazana palipoangukiwa na nyekundu na buluu, ishara kwamba hapo ndipo usanisinuru ulipokuwa mwingi.

Njia yangu ni ya vipande vinavyoelea. Unatoboa jani kwa panchi ya karatasi, unatia vipande kwenye bomba la sindano lenye maji na bikaboneti ya sodiamu kidogo, ambayo ndiyo chanzo cha kabonidayoksaidi, kisha unaziba mdomo kwa kidole na kuvuta. Hewa iliyo ndani ya jani inatoka, maji yanaingia, vipande vinazama. Vikipata mwanga, oksijeni vinayotengeneza inavipandisha kimoja kimoja. Kazi yako ni kuhesabu dakika.

Majani ya miti yalinitesa. Ya mwembe yana nta na ni magumu. Nilivuta mpaka kidole kikafa ganzi, vipande vikagoma kuzama. Majani machanga ya mforosadi ndiyo yaliyokubali, nayo ni baada ya kuongeza tone moja la sabuni ya maji. Ukiona povu, umezidisha.

Kosa lilikuwa kwenye selofani za rangi nilizofunikia bilauri kwenye jaribio lile la kwanza. Ya buluu ilikuwa nzito, ya kijani nyepesi. Kumbe nilikuwa nalinganisha wingi wa mwanga, si rangi.

Nikahamia taa za LED za rangi moja moja na kuzisawazisha kwa programu ya simu inayopima lux. Mtego wa pili huo! Lux ni kipimo cha jicho la binadamu, linaloona vizuri zaidi kijani cha karibu na nanomita 555 (urefu wa wimbi la mwanga). Taa ya kijani na nyekundu zikisoma lux sawa, nyekundu inamwaga fotoni, yaani chembe za mwanga, nyingi zaidi. Hapo ndipo nilipoazima kipimo kinachohesabu fotoni zenyewe, kati ya nanomita 400 na 700, nikasogeza taa mbele na nyuma mpaka zote tatu zikasoma namba moja. Kati ya bilauri nilisimamisha maboksi ili mwanga wa moja usimwagikie jirani.

Kila bilauri ilikuwa na vipande 10. Vitano vilielea dakika ya 9 kwenye nyekundu, ya 12 kwenye buluu, ya 16 kwenye kijani. Nilirudia mara tatu. Dakika zilihamahama, mpangilio ukabaki uleule.

Buluu kuwa ya pili kulinishangaza, maana klorofili, rangi ya kijani ya jani inayonasa mwanga, huinyonya kwa pupa. Ila sehemu ya buluu hunaswa na karotenoidi, rangi za njano na machungwa zilizo ndani ya jani, ambazo hazifikishi nishati yote kwenye klorofili. Kijani nacho husingiziwa: jani huakisi sehemu tu na kumeza kingine kingi. Tena kijani hupenya hadi tabaka za ndani ya jani, ilhali nyekundu na buluu huishia zaidi karibu na uso.

Bilauri ya nne niliiacha gizani, na hakuna kipande kilichopanda. Usiku nilizima taa zote. Asubuhi, vipande vingi vilivyokuwa vikielea nilivikuta chini: vilipumua oksijeni yao wenyewe mpaka vikazama.