Vumbi la Ruhr kwenye slipu yangu ya mshahara

Mkiona mtu wa Ujerumani anatuma pesa kidogo, msimseme kabla hajawaonyesha slipu. Bima ya pensheni inakata asilimia 18.6 ya mshahara, bima ya afya 14.6 na nyongeza yake. Nusu natoa mimi, nusu mwajiri. Bado ya matunzo, bado ya kukosa kazi, bado kodi. Mimi nahudumia wazee huku Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, kwa hiyo sehemu ya pesa hizo naiona kwa macho inakokwenda. Inakwenda kwenye mapafu.

Eneo hili liliishi kwa makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, lakini wachimbaji wake wapo, na ukipanda nao ngazi mtasimama kila baada ya hatua chache. Wengine wana mashine ya oksijeni inayonguruma usiku kucha pembeni ya kitanda.

Ni mkamba sugu, njia za hewa zilizovimba na kubana. Watu hudhani gharama ya ugonjwa huu ni dawa ya kuvuta na hiyo oksijeni. Hasara kubwa ni miaka ya kazi inayopotea. Mtu akianza kubanwa kifua akiwa na miaka hamsini, mwajiri anamlipa wiki 6. Baada ya hapo bima ya afya inampa asilimia 70 ya mshahara, mwisho wiki 78 ndani ya miaka 3, zile 6 za mwajiri zikihesabiwa humo. Zikiisha, anageukia mfuko wa pensheni. Akithibitika hawezi kazi yoyote hata saa 3 kwa siku, anapewa pensheni kamili ya ulemavu. Akiweza kati ya 3 na 6, nusu. Kwa hiyo ameacha kuchangia mapema, na papo hapo ameanza kupokea. Ndiyo maana mfuko huo huo wa pensheni uko tayari kumlipia wiki kadhaa za mazoezi ya kupumua kwenye kliniki ya ufukweni Bahari ya Kaskazini. Si huruma ya mtu, jamani, ni hesabu: mgonjwa akirudi kazini wamepona wote wawili.

Ila kuna mfuko mwingine, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Bima ya ajali na magonjwa ya kazini inalipiwa na waajiri peke yao. Mimi sichangii hata senti. Tangu 1997 mkamba sugu wa wachimba makaa umo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini, lakini kwa sharti: mchimbaji awe amevuta, kwa kawaida, "miaka 100 ya vumbi". Unachukua miligramu za vumbi katika kila mita ya ujazo ya hewa, unazidisha kwa miaka aliyokaa chini. Akifika, waajiri wanabeba. Asipofika, mzigo unabaki kwa bima ya afya na pensheni, yaani kwangu mimi na muuza mkate wa hapa chini. Kwa maoni yangu, aliyeuza makaa ndiye alipe. Nimeona mafaili ya wazee hawa, mazito kama matofali: mgodi gani, kazi gani, mwaka gani. Faili likiwa na pengo, mzee anahangaika.

Basi nawafikiria wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite kule Mererani. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ni waajiri tu wanaochangia, sawasawa na huku. Lakini kijana anayeshuka shimoni bila mkataba, kwa makubaliano ya kugawana mawe yakipatikana, mwajiri wake ni nani? Vumbi la miamba anavuta vilevile. Hakuna aliyelipima, hakuna aliyeandika jina lake. Akianza kukohoa atatibiwa TB, ambayo huenda kweli anayo, kwa sababu vumbi hilo humfungulia mlango. Anayemlipia ni mama yake na mdogo wake anayetolewa shule. Na mimi pia, kwa M-Pesa, baada ya makato.