Kupanda Mwanihana kwa Miguu

Wageni wengi wanaofika Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, huishia kwenye maporomoko ya Sanje, yanayoshuka takribani mita 170, nao huondoka wameridhika. Hata hivyo, anayetaka kuifahamu Milima ya Udzungwa namshauri afuate njia ya kilele cha Mwanihana, alale msituni, na asiharakishe.

Njia hiyo huanzia kiasi cha mita 300 tu kutoka usawa wa bahari, jirani na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000 bila msitu kukatika. Jambo hili ni adimu mno Afrika Mashariki, kwa sababu kwingineko misitu ya chini, yenye ardhi rahisi kulima, ndiyo iliyotangulia kufyekwa, ikabaki ile ya juu peke yake. Ndiyo maana mimi huthamini saa za mwanzo za safari kuliko kilele chenyewe: joto la bondeni bado limekushika, miti ni mirefu kupita kiasi, na juu yake mbega wekundu wa Udzungwa, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika eneo hili, wanaruka kutoka tawi hadi tawi.

Katika msitu huohuo anaishi mangabe wa Sanje, aina ya kima, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimfahamu tangu zamani. Huwa nasimama kila nisikiapo mlio wake, maana si ajabu kupita karibu naye bila kumwona.

Kadiri unavyopanda, hewa hupoa na miti hufupika. Mashina huvaa kuvumwani, makangaga huongezeka, na ukungu unaotokana na pepo za Bahari ya Hindi hulowesha kila kitu hata siku isiyo na mvua. Unyevu huo, ambao umeilisha milima hii kwa mamilioni ya miaka, ndio uliowezesha viumbe vyake kudumu wakati nchi za chini zilipokauka. Karibu na kilele utakuta mianzi na nyasi, pamoja na kinyesi cha tembo, ambao hupanda miteremko inayomtoa mtu jasho.

Kwa ajili ya tembo hao na nyati, njia hii hupandwa pamoja na askari wa hifadhi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu zaidi, lakini koti la mvua na sweta la usiku ni vya lazima wakati wowote.