Chupa mbili za O

Desemba ilikuwa mwezi wa ukata pale maabara ya hospitali ya wilaya. Wachangiaji wetu wakubwa wa damu walikuwa wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa, friji hubaki na chupa za AB zinazosubiri kuisha muda. Za O hazimalizi wiki.

Asubuhi moja ya 2014 nilikuwa na mbili tu za O chanya. Sista wa upasuaji akaleta fomu ya mzee wa tezi dume. "Kaka, nipe zote, nisije nikapanda ngazi hizi mara mbili." Utaratibu naujua: moja kwanza, ya pili ikihitajika. Lakini tulikuwa tunataniana vizuri, nikajifanya mwema.

Presha ya mzee ikapanda, upasuaji ukaahirishwa. Hakuna aliyeniambia. Saa nane mchana sista akazirudisha kwenye beseni, zimefunikwa kitambaa cha kijani. Nikazishika: vuguvugu, kama maji yaliyosahaulika ndani ya daladala. Damu ikikaa nje ya friji zaidi ya nusu saa hairudi, maana vijidudu vikizaliana humo jicho halivioni. Hizi zilitoka saa nne. Lebo zilionyesha bado siku 19.

"Mbona ni nyekundu vilevile?" sista akauliza. Nikazitia kwenye mfuko wa taka za kuchomwa.

Saa kumi leba wakapiga simu. Mama kajifungua, damu haikatiki, kundi O chanya. Nikafungua friji huku najua kilichomo: AB nne, zisizomfaa mtu wa O. Mumewe alikuwa mlangoni, ameshakunja shati. "Dokta, chukua yangu, hata yote." Nikampima, kundi A. Nilipomwambia haimfai mkewe, aliniangalia kama mtu ninayemnyima.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa getini, O, aliyechangia mara ya mwisho miezi minne nyuma. Alipokwisha kutoa, ikabaki vipimo: Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisha kulinganisha na damu ya mama. Muda wote huo mume alisimama akiitazama ile chupa mezani, hasemi neno. Usiku gari la wagonjwa likaleta nyingine kutoka hospitali ya mkoa. Mama alipona.

Wiki iliyofuata sista alikuja na fomu ya chupa mbili. Nikampa moja.

"Na ya pili?"

"Iko kwenye friji, inakusubiri."

Akaguna, akapanda ngazi.