Kilo mbili

Leo siku ya tano na bado yale maneno yananirudia. Ya daktari yamepita, haya ni ya kwangu mwenyewe.

Mnaofuatilia mnajua, mama aliteleza bafuni akajikinga na mkono, kiwiko kikasagika, na wiki sita zilizopita wakamwekea kiungo bandia cha kiwiko. Tulibishana sana nyumbani, kaka alikuwa anang'ang'ania plati na skrubu za kuunga mfupa mpaka daktari alipotuonyesha ile eksirei, ncha ya chini ya mfupa wa juu wa mkono vipande vitupu, na kwa miaka 74 mfupa wenyewe umekuwa mwepesi hivyo skrubu haina pa kushika. Kijana tungempiga plati, alisema, maana kijana atabeba mizigo na kiungo bandia hakitaki mizigo. Ile sentensi ya mwisho ilinipita kabisa siku ile.

Jumatatu tukaenda kliniki. Kidonda kimefunga safi, nimeshukuru sana, maana nyuma ya kiwiko ni ngozi na mfupa tu, hakuna nyama ya kukinga chuma, na vijidudu vikishafika huko ni upasuaji mwingine. Kidole cha mwisho na jirani yake bado vina ganzi kidogo, ile neva ambayo ukijigonga kiwiko unapigwa shoti mpaka vidoleni waliigusa wakati wa kazi, inataka muda. Halafu daktari akasema mkono huu usizoee kunyanyua zaidi ya kilo mbili hivi. Mama akauliza mpaka lini. Akaambiwa siku zote mama. Akaitikia kwa kichwa, kimya.

Sasa kwenye gari, anaangalia nje, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na kijana wangu nitambeba lini?"

Nikajibu hapohapo, hata sikumeza mate. "Mama, yule ana kilo tisa."

Akasema, "Haya mwanangu."

Basi. Hiyo haya mwanangu naisikia nikiosha vyombo, naisikia nikikunja nguo. Yaani mtu kaniuliza habari ya mjukuu wake mi namjibu hesabu, kama kwamba yeye hajui kujumlisha. Si ningesema tu tutaona, au mkono wa kushoto upo mzima mama, au ningenyamaza nimshike bega! Wiki hii nimethibitishwa kazini, ile barua niliyoisubiri tangu mwaka jana, nimeisoma mara moja nikaitia kwenye droo.

Usiku nikajaribu kuelewa kwa nini kilo mbili. Kile kiungo ni kama bawaba, vyuma viwili virefu, kimoja kimezamishwa ndani ya mfupa wa juu na kingine ndani ya mfupa wa mkono wa chini upande wa kidole kidogo, vimegandishwa kwa saruji ya mifupa, na katikati pini inayozunguka ndani ya plastiki. Kila uzito unaobeba unaila ile plastiki, na vile vyuma vinavutwa kidogokidogo mpaka vinalegea. Kwa hiyo katazo ni la kukifanya kimfikishe mbali. Hilo lingekuwa jibu zuri pale kwenye gari, lakini nililijua saa saba usiku.

Jana ndo mambo yakageuka. Mtu wa mazoezi alimpima, mkono unakunjika mpaka digrii 120, na kwa shughuli nyingi za kila siku ukiwa unatoka 30 mpaka 130 inatosha, kwa hiyo tumebakisha kidogo. Alipoondoka nikamkuta mama mbele ya kioo anajifunga kifungo cha juu kabisa shingoni, taratibu, ulimi umemtoka kidogo pembeni. Mara tatu kimemteleza. Nikazuia mikono yangu isiende kumsaidia. Ya nne kikaingia.

Akakaa kwenye kochi akaniambia, "Niletee huyo, niwekee na mto." Nikamweka mtoto mapajani, mkono ule ukamzunguka mgongoni bila kubeba kitu, umelala tu juu ya mto. Mtoto akaupapasa ule mshono mrefu nyuma ya kiwiko kwa kidole kimoja, nikataka kumtoa, mama akasema mwache, hapaumi.

Nikaanza kumwambia kuhusu lile jibu la kwenye gari, akanikatiza. "Ulisema kweli. Ila ungengoja tufike nyumbani."

Nilipotaka kumsaidia kuinuka nikamkumbusha asijisukume na ule mkono, msuli wa nyuma ya mkono bado unashikana na mfupa. Akasema najua, akanipa ule mzima.

Nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza. Ila asubuhi mwanangu mkubwa kaniambia akikaa nyuma darasani haoni ubaoni, anakopi kwa mwenzake, na kalitamka hivi hivi akifunga viatu. Sijui ni tangu lini.