Siku moja maishani mwangu: kupanga safari ya tiketi kutoka Bugzilla hadi GitLab

Saa 2 asubuhi
Leo ni kupanga tu, hakuna tiketi (ripoti ya hitilafu katika programu) inayohamishwa. Mradi uko kwenye Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu, na unakwenda GitLab, mfumo wa kutunza msimbo pamoja na tiketi, iliyo kwenye seva yetu wenyewe. Naanza kwa kuhesabu, kwenye nakala ya hifadhidata na si ile inayotumika: tiketi ngapi, namba kubwa kuliko zote ni ipi, viambatisho vina ukubwa gani. Idadi na namba ya mwisho hazilingani, maana Bugzilla hugawa mfululizo mmoja wa namba kwa bidhaa zote. Mapengo hayo yaachwe. Ukiyaziba, kila namba inayofuata inasogea.

Saa 3 na nusu
Sasa namba zenyewe, na hapa sina haraka. Historia ya msimbo imejaa maneno kama "hitilafu 1482", na historia hiyo haihaririki. Namba ikipotea, sababu ya mstari ule wa msimbo imepotea nayo. GitLab hukubali `iid` (namba ya tiketi ndani ya mradi) na `created_at` (tarehe ya kuundwa) wakati wa kuunda tiketi kupitia API, yaani njia ya programu kuzungumza na programu, mradi tokeni (ufunguo wa kuingilia) iwe ya mmiliki wa mradi au msimamizi wa seva. Tena tiketi zake na maombi ya kuunganisha msimbo zina mifululizo tofauti. GitHub, mfumo mwingine wa aina hiyo, huzichanganya kwenye mfululizo mmoja. Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, walipotoka Bugzilla kuhamia mfumo wa Phabricator mwaka 2014 waliongeza 2000 kwenye kila namba, hitilafu 1 ikawa T2001. Uamuzi ule ni mzuri sana: yeyote anaipata tiketi kwa kujumlisha kichwani.

Viungo vya zamani huishia `show_bug.cgi?id=1482`. Vielekezwe kwenye tiketi mpya. Katika nginx, programu ya seva ya wavuti, kanuni ya `location` haitazami kilicho baada ya alama ya kuuliza, kwa hiyo namba ichukuliwe kwa `$arg_id`.

Saa 5
Hali za tiketi. Toleo la bure la GitLab linajua wazi na iliyofungwa, basi. Za Bugzilla, RESOLVED (imetatuliwa) na VERIFIED (imethibitishwa), zote zinafungwa. WONTFIX (haitarekebishwa), INVALID (si hitilafu) na WORKSFORME (haikujirudia ilipojaribiwa) zinakuwa lebo. Uzito wa "normal" hauhamishwi, kwa sababu ndio uliokuwa umewekwa tayari kwenye fomu na wengi hawakuugusa.

Saa 7 mchana
Tiketi za usalama. Alama ya siri, `confidential`, iwekwe katika ombi lilelile linaloiunda tiketi. Ukiiweka kwa ombi la pili, katikati pale tiketi iko hadharani. Viambatisho vyake navijaribu kimoja kimoja kwenye kivinjari ambacho hakijaingia akaunti yoyote.

Saa 8 na nusu
Jaribio kwenye seva ya pembeni, barua pepe zikiwa zimezimwa kwa `gitlab_email_enabled`, la sivyo kila maoni ya miaka iliyopita yanatuma arifa.

Kinachoharibika zaidi ni maandishi. Ripoti ya gdb, chombo cha kuchunguza programu iliyokwama, huwa na mistari inayoanza `#0`, `#1`, `#2`. GitLab huisoma kama viungo vya tiketi, na tiketi namba 1 inajazwa taarifa kwamba imetajwa. `__init__` inageuka herufi nzito na kupoteza mistari yake ya chini. `@Override` ya Java inaweza kumwita mtumiaji mwenye jina hilo. Kwa hiyo skripti inayafunga maandishi ya zamani ndani ya vizuizi vya msimbo, na "bug 1482" pekee inatolewa nje na kuwa `#1482`.

Saa 10 na nusu
Tarehe. API inatoa saa za UTC (saa za kimataifa), nasi tuko mbele kwa saa 3. Tiketi ya saa 7 usiku wa Machi 1 inasomeka Februari. Ni sahihi, anayekagua aambiwe mapema asije akaisahihisha.

Saa 11 jioni
Ratiba: Ijumaa jioni Bugzilla inakuwa ya kusoma tu, usiku skripti inakimbia. Jumamosi tunakagua tiketi tulizochagua kwa makusudi: yenye maoni mengi kuliko zote, yenye kiambatisho kikubwa, ya siri, iliyorudiwa. Hesabu zisipolingana kufikia saa 6 mchana, Bugzilla inafunguliwa tena kuandikwa na tunapanga wikendi nyingine. Jina la mwenye uamuzi huo limeandikwa kwenye ratiba, na namba yake ya simu.