Gunia lililokuwa na joto

Septemba ile niliingia stoo kuchota debe la mahindi ya kusaga. Mbozi bado kulikuwa na baridi, lakini mkono wangu ulipozama katikati ya gunia ulikuta joto kama la ugali uliofunikwa. Punje za chini zilikuwa zimeshikana mabonge na kunuka uvundo. Magunia saba yaliyoegemea ukuta yaliharibika. Mama mkwe alitaka tuwape kuku. Nilimwomba tusifanye hivyo, maana sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, huwadhuru na kuku, na hata ukipika haitoki. Tukayafukia. Niliumia sana siku ile.

Kosa lilikuwa langu. Nilipima ukavu kwa jino: punje ikilia "ka!" basi imekauka. Lakini jino halitofautishi unyevu wa asilimia 15 na ule wa 13.5, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi.

Msimu uliofuata nikanunua kipimo kidogo cha betri kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa. Kwanza nilikihakiki. Niliweka chumvi kwenye kizibo cha soda, nikaidondoshea maji kidogo ilowe bila kuyeyuka yote, nikaifungia na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa, usiku kucha. Humo unyevu wa hewa hutulia kwenye asilimia 75. Changu kikasoma 79, kwa hiyo kila nikisoma natoa 4.

Sasa kabla ya kushona magunia nachukua kilo mbili za mahindi yaliyopoa, nayafungia na kipimo kwenye mfuko wa nailoni, naacha kivulini mpaka namba zitulie. Hewa ya mfukoni hufuata unyevu wa mahindi yenyewe. Unyevu wa hewa hiyo ukiwa 65 kushuka chini, yanaingia stoo. Mara ya kwanza nilipata 74, na nusu ya magunia nilishayashona! Tukayafumua yote.

"Mwanangu, jua la siku tatu halijatosha?" mama mkwe akauliza.

Tukaanika siku mbili zaidi, ikawa 63.

Kilichonishangaza zaidi ni madirisha. Nilikuwa nayaacha wazi usiku na mchana ili mahindi yapumue. Nilipotundika kipimo ukutani, alfajiri kilisoma zaidi ya 85, na saa nane mchana kikashuka hadi 40 na kitu. Kumbe ukungu wa asubuhi nilikuwa nauingiza mwenyewe, na mahindi makavu huunyonya. Siku hizi nafungua saa tano, nafunga saa kumi, na mvua za Novemba zikianza sifungui kabisa siku za mawingu.

Magunia yako juu ya chaga, mbali na ukuta. Kila Jumamosi nachomeka nondo nyembamba ya chuma katikati ya gunia, nasubiri robo saa, naichomoa na kuishika, kisha nalinganisha na gunia la jirani. Januari nondo moja ilitoka vuguvugu. Tulipomwaga gunia lile tukakuta dumuzi. Wadudu wakiwa wengi hupumua, wakaongeza joto na unyevu. Tulipepeta, tukaanika, tukayahamishia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Magunia ya jirani yake yalikuwa bado salama.

Yale ya katikati ya rundo nondo haiyafikii. Mwaka huu nimepanga safu mbili tu, na njia katikati ya kupita mtu.