Boti ya faiba ikigonga tumbawe, kagua kwa ndani

Huku Uingereza, maabara za faiba zina kipimo ambacho fundi boti wa Nungwi, Unguja, au Mkoani, Pemba, angekielewa papo hapo. Bamba la milimita 100 kwa 150 huangushiwa uzito, hupigwa picha kwa mawimbi ya sauti, kisha hubanwa na mashine mpaka livunjike. Upande uliogongwa huonesha kibonyeo tu. Maafa yako nyuma: resini, yaani gundi inayoshika nyuzi, imepasuka, tabaka zimeachana, na eneo lililoachana hutanuka kuelekea ndani, mfano wa kawa.

Kuvutwa si tatizo kubwa, maana nyuzi nzima bado zinabeba. Kubanwa ndiko kunakoua. Tabaka zilizoachana hujikunja kila moja kivyake, kama kurasa za daftari lililotoka gundi, na wimbi moja likipiga chini ya boti ufa husogea mbele.

Kwa hiyo boti ikigonga, ng'oa mbao za sakafu uingie ndani. Chukua sarafu ya mia mbili, ile ya Mzee Karume, ugonge kila baada ya sentimita mbili. Pazima hulia kwa ukali. Palipoachana hulia bubu. Karibu na mataruma, yaani mbavu za boti, sauti hubadilika kwa sababu ya unene, basi linganisha na pahala pale pale ubavu wa pili. Zungushia chaki.

Pate ya kujazia juu ya ufa ni kupaka wanja tu. Saga mpaka ufikie faiba nzima, kisha chonga mteremko wa 12 kwa 1: unene wa milimita 6 unataka milimita 72 kila upande. Wengi huona hasara wakachonga milimita 20 tu, na kiraka hubanduka kikiwa kizima, chote! Osha chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, kausha kwelikweli. Tabaka la kwanza liwe dogo, yanayofuata yazidi ukubwa, na rola ipite mpaka viputo viishe.

Kwa kilo moja ya resini ya poliesta, hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni gramu 10 hadi 20. Joto la kaskazi likikaza, kaa karibu na 10, changanya kidogo kidogo. Kopo likijaa resini huchemka na kuganda kabla hujachovya brashi. Chini ya 10 usishuke, haitakauka sawasawa. Na kama kiraka cha zamani ni cha epoksi, resini ya aina nyingine, rudia kwa epoksi. Poliesta haishiki vizuri juu yake.